Shahidi Wangu Kwenye Kikao cha Uyoga

Duane, nimekwisha. Ndiyo kwanza natoka kwenye kikao cha kaunti cha kuomba kibali cha kituo changu.

Unajua sheria: kituo cha tiba ya uyoga, ule wa kulevya, hakiruhusiwi kwenye jengo wanamokaa watu. Nikasimama na tai yangu, nikaapa kwamba kwenye jengo langu hakuna mtu anayelala. Hata paka.

Mama mkwe akanyanyuka kunitetea. Kunitetea, Duane. "Waheshimiwa, mpeni kibali. Pale pametulia. Mimi nalala ghorofani na sijawahi kusikia kelele."

Nalala ghorofani.

Mwenyekiti akauliza, "Tangu lini, mama?"

"Tangu mkwe wangu aniambie kwake hakuna nafasi."

Kibali nimenyimwa. Mjanja mimi, nimemficha mtu kisha nikamleta kikaoni kwa gari langu mwenyewe.

Sasa ananisubiri humo garini. Anasema nisimshukuru, ndiyo kazi ya mzazi.