Chupa Niliyoijaza Bila Kuitazama

Jumamosi, 9 Machi

Meli ya petroli imefunga gatini saa tisa alasiri. Kesho Jumapili, na Jumapili hapa visiwani Tonga hata msumari haupigwi. Nahodha naye kagoma kungoja Jumatatu.

Kanuni yetu wapima mafuta ni hii: najaza chupa ya sampuli, naiacha itulie, naitazama kwenye mwanga, ndipo mpira wa kushushia mafuta unafunguliwa. Bosi Kalolo akasema, "Ukianza kuchungulia, jua litatuzamia hapa. Si wewe unayehubiri kesho?" Nikacheka. Nikajaza, nikafungia kabatini. Kwenye fomu nikaandika: angavu, haina maji.

Sahihi yangu ilitoka nzuri sana.

Jumapili, 10 Machi

Nimehubiri juu ya mizani ya haki. Watu walilia! Hata mimi kidogo.

Dada yangu Lupe kamtuma binti yake na lu, nyama ya kopo iliyofungwa kwa majani ya magimbi, bado ya moto kutoka shimo la kuokea.

Jumanne, 12 Machi

Pampu ya Lupe ya kuuzia mafuta ndiyo ya kwanza kupata mzigo mpya. Tangu jana mashine za boti zinakohoa na kufa. Boti ya wanakwaya ilielea tangu asubuhi hadi alasiri. Wamerudi wote, ila mzee Feleti wa kwaya yuko hospitali, midomo imepasuka kwa jua.

Sokoni nilisikia, "Tieni sukari, hayo si mafuta, ni chai ya Lupe!" Waliponiona, wakageukia bei ya samaki. Dada wa mtu hataniwi mbele ya kaka yake.

Nimerudi kazini, nimefungua kabati. Kwenye kitako cha chupa — maji, vidole viwili. Rangi ya chai kweli.

Alhamisi, 14 Machi

Polisi wamefunga pampu ya Lupe kwa mnyororo, eti kaongeza maji. Nikampelekea Kalolo chupa.

"Imwage, ndugu yangu."

"Na dada yangu?"

"Karatasi ya huko mafuta yalikopakiwa inasema safi. Ya meli, safi. Yako, safi. Mafuta peke yake ndiyo mabishi."

Mihuri mitatu, bila jicho hata moja lililotazama. Sikuimwaga. Sikuipeleka polisi pia. Iko sandukuni, chini ya koti la kuhubiria.

Ijumaa, 15 Machi

Lupe hajaniuliza. Hawezi. Tangu nianze kuota ndevu hatukai chumba kimoja, na jambo la aibu halitamkwi kati ya kaka na dada. Desturi nzuri. Wiki hii nimejibanza ndani yake kama mende.

Binti yake kaja tena na lu. "Mama anasema mjomba ale, ana kazi ngumu."

Nilikula. Nikalamba na majani.

Jumatatu, 18 Machi

Kikao cha uchunguzi, ukumbi wa kanisa. Mkaguzi katoka mji mkuu, Nukualofa, kijana mpole, viatu vinang'aa. Kasoma fomu yangu kwa sauti. Angavu, haina maji. Nilitamani mwandiko uwe mbaya.

Akamgeukia Lupe. "Mama, uliongeza maji?"

"Sikuongeza."

"Basi yametoka wapi?"

Lupe alisimama karibu na mlango, mbali nami, macho kwenye mkeka. "Mimi niliuza nilicholetewa. Aliyekipima ni kaka yangu. Kaka yangu akisema kilikuwa safi, basi kilikuwa safi, na kosa ni langu. Mnyororo uacheni."

Mtu mmoja nyuma akaguna. Kalolo alikuwa anahesabu mbao za dari.

Mkaguzi katupa mapumziko ya chai. Tukirudi, wa kwanza kuulizwa ni mimi. Naandika uani, mgongo ukutani. Kikapu kiko miguuni, na ndani yake koti la kuhubiria, na ndani ya koti ile chupa. Asubuhi niliibeba bila kujua kwa nini. Kalolo kapita, kakitazama kikapu. "Umeleta nguo za kubadilisha?" Nikakivuta karibu.

Wananiita. Mlango ni mmoja tu, na Lupe yuko pale pale, kanipa mgongo. Kikapu naingia nacho; nikipita karibu naye chupa itagonga mlango, atasikia —