Verlin na Chupa ya Siagi ya Karanga

Orrin, acha unachofanya usome hii. Nimetoka kwa shemeji yangu Verlin sasa hivi, na hasira bado haijanitoka.

Amechukua maganda matupu ya risasi akayajaza baruti upya, risasi ishirini za binti yake Janelle kuwindia kulungu Jumamosi hii. Nikamuuliza katumia baruti gani. Akanionyesha baruti ndani ya chupa ya siagi ya karanga. Ya siagi ya karanga, Orrin! Haina hata kikaratasi cha jina.

Nikasema, "Shem, hii ni ya bunduki au ya bastola?"

Unajua alifanya nini? Aliinusa. Aliingiza pua mle ndani kama ananusa supu, akasema, "Ya bunduki hii. Ya bastola ina harufu kali."

Harufu! Miaka thelathini bwege huyu anajaza risasi. Baruti ya bastola huwaka upesi mno, ukiitia kwenye bunduki kubwa inakupasukia usoni. Mimi niliyekimbia shule najua hilo.

Janelle alikuwa mlangoni, kasikia yote. Akasema, "Basi baba, ya kwanza piga wewe."

Halafu yule jabari akaanza kujishika bega. Eti linamuuma tangu asubuhi, hawezi kufyatua. Bega!

Binti hakubishana. Alizikusanya zote ishirini, akanikabidhi niende kuziharibu, akauliza, "Mjomba, Jumamosi una nafasi kwenye gari lako? Na risasi zako?"

Nikamwambia vyote vipo.

Nafika kwenye gari, Verlin ananifuata mbio. Nikadhani anakuja kushukuru. Alitaka nimrudishie maganda yake, ayajaze tena.