Msichana wa Mombasa

Wakesho mjukuu wangu,

Huku Mwatate hatujambo. Mvua imenyesha, baba yako amepanda mahindi, na yule mbuzi wako amezaa mapacha. Na wewe, baridi ya huko ng'ambo umeizoea?

Umeniuliza kama ni vibaya kusema unatoka Nairobi, wenzako chuoni wakikuuliza "Where are you from?", maana Mwatate hawaijui. Nitakwambia jambo ambalo hata babu yako hakulisikia.

Nikiwa msichana nilihudumu kwenye hoteli moja ya Voi. Siku moja mama yangu alishuka kutoka milimani kwetu Mwatate na kikapu cha ndizi, miguu imejaa vumbi, akasimama mlangoni kunisubiri. Mgeni niliyekuwa nikimpa chai akaniuliza swali hilo hilo. Kiingereza cha darasani nilikuwa nacho. Nikajibu, "I am from Mombasa." Akamwonyesha mama kwa kidole, akauliza kama namjua. Nikatikisa kichwa, kwamba simjui.

Mama hakujua Kiingereza, lakini jina la Mombasa alilijua, na kichwa changu alikiona. Aliweka kikapu chini, akaondoka.

Mwezi uliofuata alirudi na ndizi nyingine. Hakuingia. Nilimsikia akimwambia askari wa geti kwa upole, "Naomba uniitie yule msichana wa Mombasa."

Alikufa sijamwomba radhi. Kwa hivyo sina mdomo wa kukukataza, mjukuu wangu. Lakini wakikuuliza tena, jibu kama vile nimesimama hapo mlangoni na kikapu changu.

Ni mimi nyanya yako,
mtu wa Mwatate.