Maji Yalipomzuia Baba

Pasiansi, Ilemela,
Mwanza.
Jumapili, 7 Septemba 2025

Mdogo wangu mpendwa Zadok,

Marahaba. Naitikia kabisa, kwa sababu najua ukifungua bahasha hii utaniamkia kabla hujasoma hata mstari mmoja, kama ulivyozoea. Hujambo lakini? Na Winnie mkeo hajambo? Kile kifua chake kimepona, au baridi ya Uskochi bado inamwandama? Mwambie asione aibu kuvaa soksi mbili mbili ndani ya nyumba.

Sisi huku tunamshukuru Mungu. Shemeji yako Paulo bado yuko kiwandani Nyakato, wiki hii anaingia zamu ya mchana. Princess yuko darasa la sita na amenipita urefu, sasa anavaa viatu vyangu bila kuomba. Cherehani yangu inakwenda, siku umeme ukiwepo. Baba ni mzima. Goti linamsumbua asubuhi, ila likishapata joto anateremka hadi ziwani na kupanda tena mawe haya ya kwetu bila kushikwa mkono. Habari zake ndizo zilizonifanya nichukue kalamu. Kwenye simu nisingeweza, ningelia, na mtandao ungekatika katikati ya kilio.

Kwanza nikupe pole. Ujumbe wako wa mwezi wa saba niliusoma nikiwa nimekaa na nguo ya mteja mapajani. Kwamba ule mtambo wenu mliouzamisha kwenye mkondo wa bahari, ule unaozungushwa na maji yakijaa na kuzungushwa tena yakitoka, umevunjika mapanga. Kwamba wenye kampuni wameamua hawautengenezi tena, na wewe umebakizwa kusimamia kazi ya kuutoa huko chini. Miaka yote ile, mdogo wangu. Nakumbuka ulivyonipigia siku ulipowaka mara ya kwanza, ukanionyesha taa za shule ya kile kisiwa kwenye simu, ukawa unacheka mpaka huwezi kuongea. Zile taa niliziona kwa macho yangu. Zilikuwa taa za kweli, na watoto walisoma chini yake. Mapanga kuvunjika hakuwezi kulifuta hilo.

Jirani yetu Kija nilipomweleza alisikitika sana. Halafu akauliza swali ambalo watu wote wa huku huuliza, kwa nini usirudi uje uutege ziwani kwetu. Nikamweleza kama ulivyonieleza, kwamba mwezi unaivuta bahari ikaenda mbali na kurudi, lakini ziwa letu, pamoja na ukubwa wake wote, linasogea kidogo mno, hata jicho halioni. Akaliangalia ziwa kutoka mlangoni kwangu, akasema, "Basi ndiyo maana sisi tumetulia."

Lakini kilichoniuma zaidi ni yale maneno uliyomalizia nayo. Uliandika kwamba ulimkosa mama kwa ajili ya chuma, na sasa hata chuma chenyewe kimevunjika. Zadok, sitakuambia usilie. Ila nataka usikie kilichotokea Pangani mwezi uliopita, nikuandikie mwanzo hadi mwisho, ndipo uniambie kama bado unasema hivyo.

Siku ya msiba wa mama unaikumbuka, lakini wewe ulikuwa upande wa pili wa simu na hukumwona baba. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao nje ya nyumba yetu kule Shirati, watu wamemzunguka. Nikamwekea simu sikioni. Ukasema, "Baba, siwezi kufika. Maji yamenizuia." Yeye akanirudishia simu bila kukujibu. Akawaambia waliokaa naye, "Nimevua samaki tangu sijaota ndevu. Ni maji gani hayo yanayomzuia mtu kumzika mama yake?" Tangu siku ile, miaka miwili sasa, hakulitaja jina lako. Hata alipohamia hapa kwangu. Kila nilipojaribu kumweleza alichukua fimbo yake akatoka nje. Aliamini umedanganywa na wazungu, au unatudanganya sisi. Bahari inayokwenda na kurudi kwake ilikuwa hadithi ya kuwalaza watoto.

Sasa, Gladness wetu ameolewa. Yule binti wa marehemu baba mdogo Okech, anayefundisha sekondari Pangani. Amempata Nathaniel, kijana mpole wa Muheza, mwalimu mwenzake. Kwa kuwa baba mdogo hayupo, Gladness alimwomba baba ampeleke madhabahuni. Baba hakufikiria mara mbili. Alinishonesha suti ya kijivu, akaipima kila Jumapili kwa mwezi mzima. Tukapanda basi, yeye na mimi na Paulo, tukalala njiani, tukafika Pangani Ijumaa jioni tumevimba miguu.

Baba hakuwa amewahi kuiona bahari. Ile jioni maji yalikuwa yamejaa hadi kwenye ukuta wa ufukweni. Akachota kwa kiganja, akaonja, akatema. Akasema ni ziwa kama letu, ila limeharibika.

Asubuhi ya harusi nikasikia ananiita nje kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tukiwa watoto. "Janet! Njoo! Maji hayapo!" Nikatoka mbio. Kweli, Zadok, mimi mwenyewe nilishika mdomo. Pale tulipoosha miguu jana palikuwa pakavu. Mchanga umeenda mbali kabisa, mitumbwi imelala ubavu, na kule mbele akina mama wameinama wanatafuta pweza kwenye mawe. Wenyeji wanapita zao, hakuna anayeshangaa. Baba akamshika mmoja bega, akamuuliza, "Yamekwenda wapi?" Yule bwana akamjibu kwa upole kwamba yatarudi mchana, leo ni bamvua, siku za mwezi mchanga maji hutoka sana na kuingia sana.

Nikarudi ndani kuwasaidia kumvisha bibi harusi. Hapo ndipo nilipompoteza baba.

Alikuwa amevaa suti yake tayari, ibada ikiwa saa nane mchana. Alitaka kuona tu maji yamefika wapi, ndivyo alivyotueleza baadaye. Akavua viatu, akakunja suruali, akatembea juu ya mchanga kufuata nyayo za wale akina mama. Akafika kwenye fungu la mchanga lililo karibu na mdomo wa mto, akasimama kuutazama mto Pangani unavyomwaga maji baharini. Hilo alilielewa, mito anaijua. Kisha, alivyotuambia, mto ukapunguza mwendo. Ukasimama. Majani yaliyokuwa yanaelea yakakaa pale pale kama yanafikiri. Halafu yakaanza kurudi yalikotoka. Mto ukapanda kuelekea bara mbele ya macho yake, na kasi ikawa inaongezeka.

Akina mama wa pweza walikuwa wameshabeba vyombo vyao wanaondoka. Walimpungia mikono na kupiga kelele. Baba akadhani wanamsalimu. Akawapungia naye.

Alipogeuka kurudi, nyuma yake palikuwa na maji. Ile njia aliyopita kwa miguu ilikuwa imekuwa mkondo, na mkondo wenyewe unavuta. Unamjua baba anavyoogelea, alitufundisha sote. Akaingia hadi mapajani, maji yakataka kumwangusha, goti likakataa. Akarudi juu ya mchanga, akasimama pale na viatu mkononi, na mchanga unazidi kuwa mdogo.

Sisi kanisani tukasubiri. Paulo alizunguka mji mzima akiuliza habari za mzee mwenye suti ya kijivu. Mchungaji akavumilia, akavumilia tena, lakini kulikuwa na ndoa nyingine baada ya hiyo. Gladness alikuwa analia huku anafutwa poda. Mwishowe Paulo ndiye aliyempa mkono akaingia naye. Mimi ibada sikuisikia. Nilikuwa nawaza jinsi ya kukuandikia habari mbaya.

Tulipokuwa tunatoka nje ndipo tukamwona anakuja barabarani. Mmoja wa wale akina mama alikuwa amemtuma mume wake na mtumbwi, akamkuta maji yako kiunoni. Alikuwa amelowa hadi kwenye koti, miguu mitupu, viatu bado kavaa mkononi kama glavu. Vigelegele vikanyamaza. Gladness akamwendea na gauni lake lile jeupe, akamuuliza, "Baba mkubwa, ulikuwa wapi?"

Baba akasema, "Maji yamenizuia, mwanangu."

Zadok, aliyasema kwanza, ndipo akayasikia. Nilimwona. Akaketi pale pale kwenye ngazi ya kanisa na nguo zake zinachuruzika. Gladness akachuchumaa akamkumbatia, akisema hana kinyongo, muhimu yu hai. Alimsamehe pale pale, mbele ya watu wote, gauni likalowa lote mbele. Na baba alikuwa anatikisa kichwa, anarudia kwa lugha yetu, "Nyathina, nyathina." Gladness alidhani anamwita yeye mwanawe. Mimi nilijua anamwita mtoto gani.

Kesho yake tulipanda basi kurudi. Tulipopita Dodoma akaniuliza, bila kunitazama, "Siku ile, huyo Zadok alikuwa anafanya nini hasa ndani ya maji hayo?"

Jina lako, mdogo wangu, baada ya miaka miwili. Nikamweleza yote ambayo hakutaka kuyasikia. Kwamba siku mama anafariki mlikuwa mnashusha mtambo. Kwamba maji ya huko husimama kwa muda mfupi tu kati ya kujaa na kutoka, na katika siku chache tu za mwezi, na kazi yote hufanyika humo. Kwamba wapiga mbizi wawili walikuwa chini kabisa, na wewe ndiye uliyeshika kamba zao na kuwapa ishara ya kupanda kabla maji hayajaanza kukimbia. Kwamba habari ilikufikia ukiwa kwenye chombo, na hapakuwa na mwingine wa kupokea kazi yako. Na kwamba ulipofika nchi kavu, ndege zote ulizozitazama zingekufikisha mama akiwa ameshazikwa.

Akauliza, "Na wale wawili, walipanda?"

Nikamwambia walipanda.

Akageukia dirishani. Akauliza tena kama huo umeme ulipata kuwaka. Nikamweleza habari za shule ya kisiwani. Nikamweleza pia kwamba sasa umevunjika. Akasema, "Pole yake. Nimesimama ndani ya maji yale. Hata mimi nisingejua pa kuanzia." Kisha akafunika uso kwa kofia, na mabega yake yakawa yanatikisika, na mimi nikatazama mbele ili asijue nimeona.

Wiki iliyopita alinitaka nimpeleke Shirati. Tukaenda kaburini kwa mama. Unajua halijajengewa hadi leo. Ndugu wamemsema sana, wakadhani ni ubahili, na mimi pia sikumwelewa. Alipalilia pembeni kwa mkono, akapanga mawe ya mpaka upya, halafu akanieleza. Kaburi la mke wake haliwezi kujengwa na nusu ya watoto wake. Alikuwa amekukasirikia kiasi cha kutotaja jina lako, na bado miaka yote miwili alikataa fundi asiguse pale bila wewe kuwepo. Nadhani hata yeye mwenyewe hakujua alikuwa anakusubiri.

Kwa hiyo, mdogo wangu, usije tena ukaandika kwamba ulimwacha mama kwa ajili ya chuma. Ulibaki na watu wawili waliokuwa chini ya maji, na wakapanda hai. Mama angekuambia ubaki. Hicho chuma kitatolewa, na kingine kitatengenezwa, na wewe au na mwingine, maana maji yenyewe hayajaacha kwenda na kurudi. Baba yako ni shahidi.

Gladness na Nathaniel wanakusalimu, picha za harusi nimeziweka humu. Paulo anakusalimu, anasema amekuwa baba wa bibi harusi bila kutarajia na amependa kile cheo. Princess anaomba koti la manyoya, usimsikilize. Kija naye anakupa pole. Msalimie sana Winnie. Mungu awafunike huko kwenye baridi, na awe juu ya maji siku zote mnazoshuka.

Nilitaka kumalizia kwa kukuomba uje Krismasi. Nilimsomea baba sentensi hiyo, akanikatiza. Akasema nisikupangie mwezi. Akasema niandike hivi, kama anavyosema yeye: "Mwambie aangalie maji yake kwanza. Yakimruhusu, aje. Mimi nitakuwepo, na simenti nitakuwa nimeshanunua."

Ni mimi dada yako, nikupendaye mchana na usiku,

Janet Odoyo