Chacha Hakuuawa na Shimo

Dar es Salaam, Jumapili baada ya ibada

Mama yangu, shikamoo.

Natumaini goti limepungua maumivu, na mahindi ya nyuma ya nyumba yamepata mvua. Anayekusomea barua hii ni Ghati, mjane wa kaka Chacha. Nimeituma kwao Ringwani, nikamwomba ailete Matongo kwa mkono wake. Mama, usimfukuze. Msikilize mpaka mwisho.

Mwezi uliopita nilianguka kazini nikiwa na mashine ya kuchomelea mkononi. Madaktari wakanipasua kidogo chini ya bega la kushoto, wakaweka kifaa cha betri kinachokaribia ukubwa wa kibiriti. Nyaya zake mbili zimeingia moyoni, mmoja chumba cha juu, mwingine cha chini. Moyo ukizubaa, kinausukuma. Ukienda mbio ovyo, kinaupiga shoti mpaka utulie. Mzee mmoja wa Kizaramo, jirani yangu wa kitanda, alinitania: "Mkurya, wewe sasa hukatiwi umeme." Tangu nitoke wodini kimenipiga mara moja, nikioga. Ni kama teke la ng'ombe, ila linatoka ndani. Kuchomelea nimekatazwa, sasa nalinda stoo ya mbao.

Hilo nimelizoea. Lisilozoeleka ni swali la daktari: kuna ndugu aliyewahi kuzimia, au kufa ghafla? Nilipotoka nikafungua daftari langu la zamani la machimboni, lile lililofanya mniite karani. Nimeandika humo: Chacha ameanguka shimoni, hewa mbaya. Wiki mbili baadaye: Chacha ameanguka tena, hewa mbaya. Halafu: Chacha ameanguka kwenye josho la ng'ombe, ameniomba nisiseme.

Josho halina hewa ya shimo, Mama. Niliona siku ileile kwamba maneno yangu hayapatani, nikafunga daftari. Tulikuwa tumeukaribia mwamba wenye dhahabu, na bila Chacha kundi letu lingepoteza zamu.

Siku aliyoanguka shimoni akafa, Ghati alikuwa amemletea uji hadi mdomoni mwa shimo. Wachimbaji wakasema mwanamke amelikasirisha shimo. Ukasema, "Arudi kwao." Mimi nilisimama pale, daftari likiwa mfukoni, nikanyamaza.

Daktari anasema ugonjwa huu unatembea katika damu. Na Marwa ndiye aliyechukua nafasi ya Chacha shimoni. Wiki iliyopita mdogo wangu huyo alinipigia simu, akachekacheka, akasema alizimia kidogo tu, eti ni jua, nisikwambie. Safari hii nakwambia. Atoke shimoni, leo. Aende Mwanza akapimwe moyo. Ni nyaya za kubandika kifuani, haziumi. Mtoto wa Ghati naye apimwe, na wewe pia. Marwa akinikasirikia, mwache anikasirikie akiwa hai.

Nisalimie shangazi wa Morotonga, na baba mdogo anayetuchungia ng'ombe. Wajomba walio ng'ambo ya mpaka wa Sirari nao wapate habari hii, wasiseme sikuwaambia.

Ghati, shemeji yangu, umelazimika kulisoma kosa langu kwa sauti yako mwenyewe, mbele ya mama. Nisamehe. Sikuwa na njia nyingine ya kulisema ambayo nisingeikimbia.

Mama, mpe kiti. Mpe na uji. Kisha mwiteni Marwa, asomewe tangu mwanzo.

Mwanao,
Mwita