Barua ya Kijiji Iliyobaki Kilosa

Lumuma, 3 Machi 1974

Mwanangu Donati,

Pokea salamu zetu. Hatujambo, ila mguu wa mama yako bado unamsumbua. Wewe je, kile kifua kimepona?

Ndani ya bahasha hii utakuta barua ya kijiji. Wanataka kututoa wilaya ya Kilosa watutie wilaya ya ng'ambo ya mlima, ambako hatuna njia, hatuna soko, wala mtu anayetujua. Vijana walitaka kumtimua Katibu Kata kwa mapanga. Baada ya ibada nikasimama, nikawaambia serikali ni yetu na ikiandikiwa vizuri inasikia. Nimeandika mimi, na watu mia na arobaini wameweka dole gumba. Wameniahidi hawatanyanyua hata jiwe mpaka jibu lirudi.

Kwa kuwa unafanya kazi hapo ofisini kwake, umkabidhi Mkuu wa Wilaya mkononi. Wananicheka eti mwalimu mstaafu anaamini karatasi kuliko Zaburi. Waache wacheke.

Ni mimi baba yako,
Thadeo


Kilosa, 20 Machi 1974

Baba mpendwa,

Shikamoo. Kifua kimepona, namshukuru Mungu. Mama namtumia dawa ya kuchua kwa mkono wa Melkizedek.

Barua niliipata na imefika panapohusika. Mambo ya ofisi huenda taratibu, waambie wavute subira. Lakini nakuomba, usiandike nyingine. Kuna mzee wa bondeni aliandika juu ya mipaka, akaitwa mchochezi, na mpaka leo watu wake hawajui aliko.

Mwanao,
Donati


Lumuma, 11 Mei 1974

Mwanangu,

Tu wazima. Dawa imemsaidia mama yako, anakushukuru.

Jibu halijaja, na juzi wapimaji wamefika na vigingi vyao. Simoni, yule fundi aliyeezeka kanisa, aliniuliza mbele za watu: "Mwalimu, ile barua uliituma kweli?" Nimeaibika, Donati. Nimewaomba wiki mbili tu. Niandikie walichosema huko, hata kama wamekataa. Mtu akikataliwa anajua pa kushika.

Baba yako


Kilosa, 30 Juni 1974

Baba,

Shikamoo. Nimesikia ofisi ya kata ilichomwa, nanyi badala ya ng'ambo ya mlima mmehamishiwa Mikumi. Nimesikia na habari za Simoni. Malori ya askari niliyaona yakiondoka hapa, nikajua yanakwenda wapi.

Barua sikuipeleka. Imo kwenye meza yangu, chini ya majalada ya pamba. Jina lako lilikuwa la kwanza, na mwandiko ni wako. Niliogopa watakuchukua. Nikajidanganya kwamba mambo yatapoa yenyewe. Nisamehe, Baba.

Donati


Mikumi, 14 Julai 1974

Donati,

Marahaba. Mama yako alishushwa kwenye lori kwa kubebwa. Tumepewa kiwanja karibu na barabara kuu, hatujapata hata nyasi za kuezekea.

Siku vijana walipochoma ofisi ya kata waliniita msaliti, nikajifungia ndani. Askari walikuja asubuhi yake. Simoni alipigwa risasi akaangukia mlangoni pa ofisi, na watu kumi na tisa wamefungwa. Nami nilihojiwa. Nikasema tuliandika kwanza, tukangoja. Yule bwana akapekua jalada lake, akasema: "Hakuna barua yenu hapa, mzee. Mngeandika, mngesikilizwa."

Sijui kama alisema kweli. Pengine wangenichukua kama ulivyoogopa. Pengine wangesikia, na Simoni angekuwa hai. Hilo sitalijua mpaka nife, na aliyeninyima kulijua ni wewe. Naumia kwa sababu najua ulinipenda.

Ida, mjane wa Simoni, amepewa kiwanja jirani na changu. Haniamkii. Watu wote hapa wanaamini sikuituma ile barua, nami nimenyamaza ili wasikuchukie. Sasa nimechoka kunyamaza.

Ilete hiyo barua. Uisome wewe mwenyewe mbele yao, jina baada ya jina, na la Simoni ulitaje huku ukimtazama Ida. Nitasimama karibu nawe. Usipokuja, usiniandikie tena.

Mama yako nimemwambia hujapewa ruhusa kazini. Basi la Kilosa hufika hapa saa nane mchana.

Baba yako