Jenereta Iliyokuwa na Joto

Nyumba ya nne baada ya nguzo ya mwisho ya umeme,
Jumapili, 14 Aprili.

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Na wanao pacha, je, homa imewaachia? Huku hatujambo, isipokuwa Bibi ambaye bado yuko wodini. Sasa anakula na kugombana na wauguzi, kwa hiyo tunajua anapona.

Ulimwuliza Baba kwenye simu kwa nini hajamrudisha mama yenu nyumbani mpaka leo. Alinyamaza ili kunilinda. Aliyechelewesha ni mimi.

Daktari alisema Bibi ataruhusiwa siku tutakapokuwa na umeme wa pili. Mashine yake ya oksijeni haitakiwi kuzimika, na wiki hizi za mawingu betri za sola zinaisha kabla ya alfajiri. Basi Jumamosi ya wiki iliyopita Baba alinichukua twende kutazama jenereta.

Muuzaji wake anaitwa Haijaguswa, maana kila kitu dukani mwake, hata kilichokwaruzika, yeye husema haijaguswa. Jenereta ilikuwa nyekundu, inang'aa. Lakini niliona rangi mbichi imepakwa juu ya bolti zilizoliwa na spana. Nikaweka mkono kwenye injini kabla hajaiwasha. Ilikuwa na joto. Mwalimu wetu wa fizikia hufundisha kwamba joto halizuki lenyewe, na duka lile liko kivulini.

Akavuta kamba mara moja tu, ikanguruma. Baba akatabasamu. "Haijaguswa hii, mzee! Imetoka kwenye boksi asubuhi hii."

Nilimnong'oneza Baba. Akanikazia macho. "Mama yangu yuko wodini, wewe unapapasa injini?" Hata hivyo alimwambia yule bwana tutarudi.

Haijaguswa akacheka. "Kumbe mzee siku hizi unaomba ruhusa kwa binti!"

Maneno hayo yalimchoma Baba.

Wiki ile nilijishuku mwenyewe. Pengine alikuwa ameijaribisha kwa mteja mwingine tu. Nilipokwenda wodini nilishindwa kumtazama Bibi machoni.

Jana tulifika dukani bila taarifa, hata milango hajamaliza kufungua. Injini ilikuwa baridi. Akavuta, akavuta, akavua koti. Nilihesabu mara kumi na tisa. Ilikohoa, ikatoa moshi mweusi, ikanyamaza.

"Mafuta ya siku hizi haya, mzee!"

"Nayo hayajaguswa?" Baba akamwuliza, tukaondoka.

Tulikwenda kwa seremala mmoja aliyevutiwa umeme karakanani, anauza jenereta yake. Ina kutu, na kabla hatujauliza alituonyesha koki ya mafuta inayovuja. Hilo nalo lilinitia wasiwasi, kwani nani huitia dosari bidhaa yake mwenyewe? Nikaishika: baridi. Ikawaka kwa mvuto wa pili. Tukaifungia randa yake ya umeme na kuiacha ifanye kazi saa tatu mfululizo. Haikuyumba, Baba akainunua.

Bado siiamini sana, Shangazi. Baba amebadilisha koki, na tumeiweka nje, mbali na dirisha la Bibi, moshi usimfikie. Leo asubuhi nimeiwasha mwenyewe ikiwa baridi. Kesho nitairudia. Muuguzi naye atakuja kuikagua, na akiridhika, Jumatano Bibi analala kitandani kwake. Tafadhali mpigie Baba umwambie hukumkasirikia.

Mchana huu nilimweleza Bibi yote, nikamwomba radhi kwa wiki niliyomwongezea wodini. Alinishika mkono, akacheka mpaka muuguzi akaja mbio. "Ile nyekundu mngeipeleka wapi?" akasema. "Nyumba ile mkohozi ni mimi, na nafasi imeshajaa."

Mama anakusalimu sana, na mdogo wangu Kishindo anawasalimu pacha. Mungu awafunike kwa rehema zake, na atukutanishe tukiwa wazima wote, bila kupungua hata mmoja.

Mimi nikupendaye kwa moyo wote,
Somo yako